Je, Wajua? Pwani isiyo na urefu mmoja

Anayepanga kuizunguka pwani ya Uingereza kwa baiskeli ili kuchangisha fedha hukwama kwenye swali la kwanza kabisa: ni kilomita ngapi? Ordnance Survey, shirika la ramani, hutaja kama 17,820 kwa kisiwa kikuu. Lakini mwaka 1967 mwanahisabati Benoît Mandelbrot alionyesha kwamba kadiri kipimo kinavyokuwa kifupi, ndivyo pwani inavyorefuka. Rula fupi huingia kila kihori. Barabara, kwa bahati nzuri ya magoti, haziingii. Mwaka 2017 mwendesha baiskeli Mark Beaumont alikizunguka kisiwa hicho kwa takriban kilomita 5,600 tu, kwa muda wa kama wiki mbili.

Wengi hufuata mwelekeo wa saa, na si bure. Huko magari hupita kushoto, hivyo bahari hubaki upande wa mwendeshaji. Upepo wa kusini-magharibi, uliozoeleka zaidi, humsukuma mgongoni akipanda kaskazini. Pwani ya kusini humdai deni hilo: hapo upepo humpiga usoni.

“Pwani” pia isikudanganye kuwa ni tambarare. Bealach na Bà, huko Scotland, huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi mita 626.

Na fedha? Mfadhili anayelipa kodi ya mapato Uingereza akikubali mpango wa Gift Aid, serikali huliongezea shirika la hisani peni 25 kwa kila pauni. Jaza fomu kabla ya kujaza upepo.