Afya: Saa ya mazoezi inajua kuhesabu hatua, kalori ni jambo lingine

Asubuhi na mapema, hasa siku ya Jumapili, makundi ya vijana hukimbia wakiimba katika barabara za Goma na Bukavu. Zamani mkimbiaji alihitaji viatu tu. Leo, kwenye mikono ya baadhi yao kunaonekana kibangili cheusi cha mpira au saa yenye kioo. Mbio zikiisha, watu husimama kando ya barabara na kulinganisha hesabu: nani amepiga hatua nyingi, moyo wa nani umedunda haraka, nani amechoma kalori kuliko wengine.

Vifaa hivyo vinauzwa madukani na kwenye meza za wauza telefone. Bei ya vibangili ni makumi ya dolari. Saa za makampuni makubwa hufika mamia. Na mnunuzi si kijana wa michezo peke yake. Kuna mama ambaye munganga amemwambia apunguze uzito kwa sababu ya tansio. Kuna baba mwenye ugonjwa wa sukari ambaye ameambiwa atembee kila siku. Kwa watu hao, saa si pambo. Dolari 40 ni pesa ya chakula au ya dawa, na namba wanayoiona kwenye kioo inaweza kuamua watakula nini jioni.

Ndiyo maana, kabla ya kutoa pesa, inafaa kujua ni namba gani inayostahili kuaminiwa, na ni ipi ya kuangalia tu na kuiacha ipite.

Ndani ya kibangili kuna nini?

Ndani ya kifaa hicho kuna chombo kidogo kinachohisi mtikisiko. Mkono ukienda mbele na kurudi nyuma, kinahesabu hatua. Kwa upande wa chini, panapogusa ngozi, kuna taa ndogo za kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, damu inayopita kwenye mkono huongezeka kidogo. Kifaa hupima mwanga unaorudi, kisha kinajua moyo umepiga mara ngapi kwa dakika. Saa za bei kubwa huongeza GPS, ambayo husikiliza satelaiti ili kujua mtu amepita wapi na amekimbia kilometa ngapi.

Basi hatua, mapigo ya moyo na umbali ni mambo ambayo kifaa kinayapima chenyewe. Kalori si hivyo. Hakuna chombo chochote kwenye saa kinachoona kalori. Saa inachukua hatua na mapigo ya moyo, inaongeza umri, uzito, urefu na jinsia ambavyo mwenyewe aliandika siku ya kwanza, halafu inakisia.

Makisio yanakosea kwa kiasi gani?

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa 7 kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Kati ya vifaa hivyo kulikuwa na Apple Watch, Fitbit Surge na Samsung Gear S2. Kwa mapigo ya moyo, vifaa 6 kati ya 7 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini kwa kalori, hakuna hata kimoja kilichofaulu. Kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichokuwa cha mwisho asilimia 93.

Tangu wakati huo vifaa vimebadilika, lakini namna ya kupata kalori ni ileile ya kukisia.

Hesabu ndogo inaonyesha hatari iko wapi. Mtu wa kilo 70 akitembea saa moja kwa mwendo wa kawaida, karibu kilometa 5, mwili wake unatumia kalori 245 hivi. Lakini hata angekaa nyumbani saa hiyo yote bila kufanya kitu, angetumia karibu 70. Kwa hiyo faida ya kutembea ni kalori 175 hivi. Saa ikikosea kwa asilimia 27, ile 245 inaweza kuandikwa 310, au ikaandikwa 180.

Sasa mtu huyo anarudi nyumbani akiwa na furaha. Anaona 310 na kujiambia kwamba amestahili kitu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 ina karibu kalori 300. Vijiko viwili vikubwa vya mawese kwenye sombe vina karibu 240. Anayelipa chakula chake kwa kalori za saa anaweza kumaliza mwezi akiwa ameongeza uzito, ilhali kila siku saa ilimpongeza.

Chukudu, milima na moto

Kampuni nyingi hutengeneza vifaa hivyo zikifikiria mtu anayetembea mikono mitupu kwenye njia nzuri. Maisha ya mashariki mwa Congo ni mengine.

Mwendesha chukudu anayesukuma mzigo wa viazi anashika usukani kwa mikono miwili. Mikono yake haiendi mbele na nyuma, kwa hiyo kibangili kinaweza kuacha hatua nyingi bila kuzihesabu, ingawa mwili wake unafanya kazi kuliko wa mkimbiaji. Mama anayepanda na bidoni la lita 20 amebeba kilo 20, lakini saa haijui kama kuna mzigo. Inajua tu uzito aliouandika siku ile ya kwanza. Na katika Bukavu, mji wa vilima, kupanda kuelekea Kadutu si sawa na kutembea kando ya ziwa. Kifaa kisicho na chombo cha kupima urefu kinaweza kuona njia hizo mbili kuwa kitu kimoja.

Kinyume chake pia hutokea. Abiria aliyepanda moto kwenye barabara ya mashimo anaweza kushuka na kukuta ameongezewa hatua ambazo hakutembea, kwa sababu mtikisiko wa barabara umefanana na wa mguu.

Hatua 10 000 zilitoka wapi?

Wanunuzi wengi hukuta saa inawadai hatua 10 000 kwa siku, na wengine hukata tamaa wasipozifikia. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kipimo cha hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua 10 000. Jina la biashara likageuka kuwa sheria ya dunia.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2020, halizungumzii hatua hizo. Linaomba mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, kama kutembea haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatosha kuanza. Kwa hesabu hiyo, hata saa ya kawaida ya mshale inafaa.

Wagonjwa wasidanganywe

Hapa ndipo pa kuangalia sana. Sokoni kuna saa na pete ambazo wauzaji husema zinapima sukari ya damu bila sindano. Mwezi Februari 2024, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, ilionya watu wasizitumie na kusema kwamba haijaruhusu hata kimoja cha vifaa hivyo vinavyodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayechoma insulini kwa kufuata namba ya uongo anaweza kuanguka, na hata kufa.

Kwa tansio, kipimo cha kutegemea ni kile kinachofungwa mkononi na kujazwa hewa. Namba ya kibangili isimfanye mtu aache dawa.

Oksijeni nayo inahitaji uangalifu, hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 katika hospitali za Marekani ulichunguza vipimo vya kubana kwenye kidole, ambavyo hutumia mwanga kama saa. Ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi vipimo hivyo vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Kama vipimo vya hospitali vinakosea hivyo, kibangili cha sokoni hakiwezi kuwa munganga. Mtu anayeshindwa kupumua aende kituo cha afya, saa iseme inavyosema.

Kuchagua kwa kufuata kazi

Anayetaka kutembea tu, mara nyingi hana haja ya kununua kitu. Telefone ya kisasa ina chombo cha kuhisi mtikisiko, na kuna programu za bure za kuhesabu hatua. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilinganisha telefone na vibangili kwa watu 14. Telefone zilikosea kwa chini ya asilimia 7 juu au chini, wakati kibangili kimoja kilipoteza zaidi ya asilimia 22 ya hatua. Shida ni kwamba telefone lazima ikae mfukoni, na si kila barabara inafaa kutembea na telefone.

Anayekimbia na kutaka kujua kilometa zake atafute saa yenye GPS yake yenyewe. Vibangili vingi vya bei ndogo hutegemea GPS ya telefone. Telefone ikibaki nyumbani, umbali unakisiwa.

Anayefanya mazoezi ya nguvu, yenye mbio fupi na kusimama, anafaidika na mkanda wa kifuani. Mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe, si mwanga wa ngozi, na haupotezwi na mikono inayorukaruka. Kampuni ya Polar ya Finland imekuwa ikiuza vipimo vya namna hiyo visivyo na waya tangu miaka ya 1980.

Kisha kuna swali la umeme. Saa yenye kioo kikubwa kama Apple Watch huomba kuchajiwa karibu kila siku. Vibangili vidogo, kama vile vya Xiaomi, hukaa siku nyingi. Mahali ambapo umeme hukatika siku mbili au tatu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa kioo. Mnunuzi aulize pia kama programu ya kifaa inakubali telefone yake ya zamani, na kama inataka mega kila siku. Apple Watch, kwa mfano, haiungani na telefone za Android.

Jaribio la dakika tano

Sokoni kuna vifaa vya kuiga vyenye majina makubwa, na sanduku haliwezi kuthibitisha kitu. Mnunuzi anaweza kupima mwenyewe kabla ya kulipa.

Kwanza, avae kifaa, atembee hatua 100 akizihesabu kwa mdomo, kisha aangalie. Kati ya 95 na 105 si mbaya. Pili, akae kimya, aweke vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, ahesabu mapigo kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Halafu apande ngazi haraka na kurudia. Kifaa kinachoonyesha 75 wakati moyo unapiga 120 kirudi mezani. Tatu, akivue kabisa na kukiweka kwenye nguo iliyokunjwa. Hata vifaa halali wakati mwingine huonyesha namba hapo, lakini kile kinachoendelea kuandika mapigo mazuri na ya kawaida bila mtu yeyote kinaeleza wazi namna kinavyofanya kazi.

Akishanunua, akifunge juu kidogo ya mfupa wa kiwiko cha mkono, kikibana kiasi bila kuumiza, na aandike uzito wake wa kweli.

Njia yako isionwe na wote

Jambo moja husahauliwa. Saa yenye GPS huandika nyumba ambayo mtu hutoka na saa anayotoka. Mwezi Januari 2018, dunia iligundua kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na programu ya Strava ilionyesha njia za wanajeshi waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao katika inchi za vita. Mwaka 2024, gazeti la Ufaransa Le Monde lilionyesha kwamba walinzi wa marais walifuatiliwa kwa njia hiyohiyo.

Kama walinzi wa marais wamenaswa, mwalimu au mfanyabiashara katika mji wenye usalama mdogo asijione salama. Programu nyingi zina mahali pa kufunga akaunti ili njia isionwe na watu wote, na pa kuficha eneo la nyumbani. Hilo lifanywe siku ya kwanza, kabla ya mbio ya kwanza.

Je, zinasaidia?

Jibu liko katikati. Mwaka 2016, utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliofuata vijana 470 kwa miaka miwili ulionyesha kwamba waliopewa kifaa walipunguza kilo 3,5, na wasiopewa kilo 5,9. Lakini mwaka 2022, watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi waliona kwamba wanaovaa vifaa hivyo hutembea karibu hatua 1 800 zaidi kwa siku, na hupunguza kilo moja hivi.

Hatua 1 800 ni zaidi ya robo saa ya kutembea. Si kitu kidogo kwa mwenye tansio. Lakini faida hiyo inatoka kwenye miguu, na kalori za kwenye kioo hazimo ndani yake. Anayevaa kifaa alinganishe hatua za wiki hii na za wiki iliyopita, apime uzito kwenye mizani mara moja kwa wiki, na jioni achote chakula kana kwamba saa haikuandika kalori hata moja.