Kipato cha opsheni za bitkoini na hesabu ya kahawa ya Kilimanjaro

Moshi ni mji wa kahawa, na kahawa ni mali isiyo na mshahara. Tangu wamisionari Wakatoliki walete arabika Kilema mwaka 1898, bei ya kinachovunwa kwenye vihamba vya Uchagani imekuwa ikiamuliwa na mambo ya mbali. Mwaka 1994, mwaka ambao sakitu iliunguza mikahawa ya Brazili, bei ya ratili moja huko New York ilipanda ndani ya miezi michache kutoka chini ya dola 1 hadi zaidi ya dola 2. Kufikia mwishoni mwa 2001 ratili hiyohiyo ilikuwa chini ya senti 50, na familia nyingi mlimani zikageukia ndizi, nyanya na maziwa. Mali ya namna hii humlipa mwenyewe kwa misimu michache mizuri inayofidia mingi mibaya. Bitkoini iko hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi: Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ikashuka chini ya 16,000, na Desemba 2024 ikavuka 100,000. Ndiyo maana inafaa kuitazama kwa jicho la mkulima wa kahawa ile ahadi inayovutia siku hizi, kwamba sarafu zilizolala zinaweza kuzalisha kipato kila mwezi kwa kuuza opsheni juu yake.

Biashara yenyewe iko hivi. Una bitkoini moja yenye bei ya dola 60,000. Unamuuzia mtu opsheni, yaani haki ya kuinunua kwako kwa dola 66,000 wakati wowote ndani ya mwezi au mwishoni mwake, kutegemea mkataba, na yeye anakulipa papo hapo. Bei isipofika 66,000, unabaki na sarafu na malipo. Ikipita, unaitoa kwa 66,000 hata kama sokoni inauzwa 80,000. Malipo hayo hayakadiriwi kwa macho. Mwaka 1973, mwaka uleule lilipofunguliwa soko la opsheni la Chicago, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni yao ya kukokotoa thamani ya opsheni, na kiini chake ni kwamba kadiri bei inavyoyumba ndivyo haki hiyo inavyokuwa ghali. Kwa mali inayoyumba kwa asilimia 60 kwa mwaka, kiwango ambacho bitkoini imekifikia mara nyingi, opsheni ya mfano wetu ina thamani ya takriban dola 2,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi mmoja, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Asilimia 3 hiyo si riba. Ni kipimo cha hatari, na ukubwa wake unakuonyesha jinsi bei inavyoweza kukimbia upande wowote.

Tufanye hesabu ya miezi miwili. Mwezi wa kwanza bei inashuka kwa asilimia 20 hadi dola 48,000. Muuzaji ameshapokea 2,000. Mwezi wa pili anauza tena haki ya kununua kwa bei iliyo asilimia 10 juu, yaani 52,800, na kwa kanuni ileile anapata kama 1,600. Kisha bei inaruka asilimia 30 hadi 62,400. Aliyekaa na sarafu yake bila kufanya lolote sasa ana mali ya 62,400, faida ya 2,400. Muuzaji wa opsheni anachukua 52,800, anaongeza 3,600 alizokusanya, anapata 56,400. Amepokea dola 3,600 za “kipato”, na ni maskini kwa dola 3,600 kuliko alivyoanza. Sababu iko wazi: mteremko aliubeba karibu wote, mpando akaukabidhi kwa mwingine, na mpando ndio uliomfanya anunue bitkoini tangu mwanzo.

Katika kahawa pia kuna kuuza mapema: Kagera kuna desturi iitwayo butura, ambapo mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado maua. Serikali imeipiga marufuku kwa sababu ni ya kinyonyaji, na sina neno la kuitetea. Hata hivyo, aliyeuza kwa butura walau ameshapokea bei yote, na bei ikianguka ni juu ya mnunuzi. Muuzaji wa opsheni hana hata nafuu hiyo. Vyama vya ushirika vilifanya kinyume cha muuzaji huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Benki ya Dunia ilivisaidia vyama vikuu vya kahawa vya Tanzania, KNCU cha Moshi kikiwa miongoni mwao, kununua opsheni za kuuza, yaani haki ya kupata bei ya chini iliyokubaliwa hata soko likiporomoka. Chama kilichokwisha kuwapa wakulima malipo ya awali kilijua kwamba bei ikianguka kabla ya mnada, hasara ni yake, kwa hiyo kililipa ili kuikwepa. KNCU kilinunua bima. Mwenye bitkoini anayeuza opsheni amegeuka kuwa kampuni ya bima, tena yenye mteja mmoja na mali moja.

Wapo watakaosema: mimi nilikusudia kuuza nikifika 66,000, kwa nini nisilipwe kwa kusubiri? Hoja hiyo ni ya haki, na kwa mtu huyo opsheni inafaa. Lakini basi aiite mpango wa kuuza, asiitegemee kama ada ya shule ya kila muhula. Wengine wanataja hisa za Marekani, ambako opsheni kwa wastani zimeuzwa ghali kidogo kuliko mtikisiko uliofuata, na muuzaji akafaidika na tofauti. Ni kweli. Ila hata huko, fahirisi ya Cboe, soko lilelile la opsheni la Chicago, inayofuata mbinu hii imeachwa mbali na hisa zenyewe katika miaka ya kupanda baada ya 2009.

Halafu kuna suala la sarafu zinakaa wapi. Ili kuuza opsheni, kwa kawaida unaziweka rehani kwenye jukwaa la mtu mwingine. Wateja wa jukwaa la Celsius walifungiwa fedha zao Juni 2022, wa FTX Novemba mwaka huohuo. Benki Kuu ya Tanzania ilionya umma kuhusu sarafu hizi mwaka 2019, na tangu Julai 2024 sheria inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Ikikatwa kwenye mauzo ya 66,000 ni dola 1,980, karibu malipo yote ya mwezi.

Anayehitaji fedha kila mwezi ana njia rahisi zaidi: auze kipande kidogo cha sarafu zake kwa bei ya siku. Asilimia 3 ikiuzwa inaleta takriban fedha zilezile, na asilimia 97 inayobaki haina mkataba na mtu.