Biashara ya Mgeni na Kibali cha Kuishi

Msingi wa udhibiti wa wageni Tanzania Bara ni Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Humo mna madaraja ya kibali cha ukaazi: A kwa mwekezaji na anayejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa wengineo kama wanafunzi na wamisionari. Mwaka 2015 ikaja sheria ya ajira za wasio raia, na tangu hapo mgeni anayeajiriwa, hata awe meneja wa shamba huko West Kilimanjaro, anatakiwa pia kuwa na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi.

Kamba ilikazwa zaidi Julai 2025, safari hii na wizara ya biashara. Waziri Selemani Jafo alitoa amri, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, inayowazuia wageni kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, udalali na saluni zisizo za hotelini. Mbili zinaugusa moja kwa moja mji wa Sanya Juu, ulio jirani na West Kilimanjaro. Ya kwanza ni kuongoza watalii, kazi ya vijana wengi wanaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro kupitia lango la Londorossi. Ya pili ni kununua mazao shambani: mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka hawezi tena kumfuata mkulima shambani kwake.

Adhabu ndiyo inayoifanya amri hii iwe ya uhamiaji, ingawa jina lake ni la biashara. Mgeni hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na hufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Akishafutiwa, hana haki ya kubaki nchini. Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake. Leseni za zamani ziliachwa zifike mwisho wake, bila kuhuishwa.

Kenya ililalamika kwamba amri inakwenda kinyume cha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010.

Lakini kumwondosha nchini mtu asiye na haki ya kubaki ndiko kugumu zaidi. Katika Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu wa 2013, mikoani Kagera, Kigoma na Geita, waliondolewa hata watu waliokwisha kuishi huko miongo mingi, wengine wakiwa wameoa na kuzaa. Vitambulisho vya taifa vilikuwa vimezinduliwa mwaka huohuo, hivyo wanavijiji wengi hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha uraia wao.