Mkasi na Ulimi wa Mwanasiasa

Sisi wa fasihi simulizi tunajua kusitasita kwa fanani ni sehemu ya utendaji. Mhariri wa habari je, akikate? Akifuta "eee" za wasemaji wote, mimi sioni neno. Hata Hansard yetu huandika (Makofi) na (Kicheko), lakini kigugumizi inakipita kimyakimya. Upendeleo unaanza mkasi unapochagua ulimi. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza TBC kupunguza matangazo ya moja kwa moja ya Bunge, sababu gharama. Usiku tukawa tunaletewa vipande vilivyohaririwa. Sisi wa Singida Mashariki, mbunge wetu wakati huo akiwa Tundu Lissu, tungejuaje nani kateleza na nani katelezeshwa?