Mtoto Ametoka Vipele? Hivi Ndivyo Utajua Kama ni Tetekuwanga au Surua

Mtoto akitoka vipele, wazazi wengi husema "hiyo ni tetekuwanga tu, itaisha yenyewe." Mara nyingi ni kweli. Lakini surua nayo huja na homa na vipele, na hiyo si ya kungojea nyumbani. Kwa hiyo kabla hujatulia, angalia ngozi yake vizuri.

Tetekuwanga huanza na vipele vidogo vinavyowasha, hasa kifuani, mgongoni na usoni. Baada ya muda mfupi vinajaa maji na kuwa malengelenge madogo, kama matone ya maji juu ya ngozi. Kisha vinapasuka, vinakauka na kuweka magamba. Alama yake kubwa ni hii: haviji vyote siku moja. Vinatoka kwa awamu kwa siku kadhaa, hivyo mahali pamoja utakuta kipele kipya, lengelenge na gamba. Angalia hata kwenye nywele na mdomoni.

Surua kwa kawaida haina malengelenge. Mtoto huumwa kwanza siku 3 au 4 hivi: homa kali, kikohozi, mafua, macho mekundu. Ndipo vipele vinaanzia usoni na nyuma ya masikio, vikishuka hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, kwa hiyo usitafute ile rangi ya kwenye picha za intaneti. Mpapase kwa kiganja, mara nyingi utahisi ngozi inakwaruza. Ukishuku surua, nenda kituo cha afya leo leo, na ubebe kadi yake ya kliniki. Chanjo yake hutolewa miezi 9 na 18. Pale atapewa pia vitamini A, maana surua inaweza kupofusha.

Kama ni tetekuwanga, mkate kucha asijikune hadi vidonda, muogeshe maji ya uvuguvugu, mpake losheni ya kalamini. Homa ikipanda, parasetamoli inatosha. Aspirini usimpe kabisa, inaweza kuleta madhara mabaya kwenye ini na ubongo. Shule asubiri hadi vipele vyote vikauke, na akae mbali na wajawazito na watoto wachanga.

Ukiona kipele kimevimba, kina moto na usaha, au mtoto anapumua kwa shida, amelegea, hataki kunywa, mpeleke hospitali hata kama ni usiku.