Sufuria ya Presha Iende Pamoja na Mafunzo Yake

Tangu Serikali ilipozindua, mwezi wa Mei 2024, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, maneno mengi yamesemwa juu ya gesi na umeme, na machache mno juu ya mikono itakayoshika vyombo hivyo. Leo tunapenda kukitazama chombo kimoja kati yake, nacho ni sufuria ya presha ya umeme, ambayo wengi madukani huiita presha kuka. Tunaitazama kutoka Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mahali ambapo manufaa yake ni makubwa sana, na ambapo kwa sababu hiyo hiyo mafunzo yake hayana budi kutangulia.

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza, ya Moshi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Maji yateremkayo Kilimanjaro huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakafuata Mto Pangani, yakazungusha mitambo ya Hale na ile ya Maporomoko ya Pangani, kabla ya kumwagika katika bahari hii hii inayovizunguka visiwa vyetu. Umeme wa mitambo hiyo huingia katika gridi ya Taifa, na kutoka katika gridi hiyo ndiko Unguja inakopata umeme kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010. Apikaye Chake Chake na apikaye Marangu wanachota katika kisima kimoja, na yanayompata mmoja yaweza kumpata mwenziwe.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini chombo hiki kimependwa mlimani. Maji yaliyo usawa wa bahari, kama yalivyo Unguja Mjini au Wete, huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri mtu apandavyo juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kabla ya kulifikia joto hilo. Upungufu wake ni karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Mjini Moshi, palipo juu kidogo ya mita 800, maji huchemka kwa nyuzi 97 hivi. Katika vijiji vilivyo kwenye mita 1,500 huchemka kwa nyuzi 95. Kileleni Kibo, penye mita 5,895, huchemka kwa nyuzi 80 hivi tu, na mtu aweza kuchemsha maharage huko kutwa nzima na yasiive.

Tofauti ya nyuzi tano ni ndogo kwa asomaye, lakini si ndogo kwa apikaye. Makande ya mahindi makavu na maharage, na kiburu cha ndizi na maharage, ni vyakula vya asili vya mlima ule. Navyo huhitaji saa nyingi na mizigo ya kuni. Kuni zenyewe zimekuwa za shida. Katika miaka ya 1940 uliwekwa, baina ya vihamba na msitu wa hifadhi, ukanda wa miti wa upana wa nusu maili, ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa juu. Ukanda huo ulipungukiwa miti kwa kadiri watu walivyoongezeka. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na masharti ya kuuingia yakawa makali zaidi. Mama wa kijijini amebaki na matawi ya kahawa iliyopogolewa, mkaa wa kununua, na moshi unaomchoma macho na kifua.

Sufuria ya presha huja kumwondolea taabu hiyo. Mfuniko wake wenye mpira hujifunga imara, mvuke hukosa pa kutokea, mgandamizo wa ndani hupanda, na maji badala ya kuishia nyuzi 95 hufika kati ya nyuzi 110 na 120. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa muda usiotimia saa moja, na kazi yote hutumia chini ya uniti moja ya umeme, kwa kuwa chombo huhifadhi joto na umeme hujikata wenyewe joto linapotosha. Hayo ni manufaa makubwa, na hatuna shaka nayo.

Lakini nguvu ile ile ipikayo ndiyo iunguzayo. Maji ya nyuzi 115 yaliyofungiwa ndani ya sufuria ni maji yaliyozuiwa tu yasichemke. Mfuniko ukilazimishwa kufunguka kabla mgandamizo haujashuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na mvuke hutoka pamoja na chakula kumwelekea usoni aliyesimama juu yake. Mvuke ugusapo ngozi hugeuka tena kuwa maji na kuliacha joto lake lote pale pale; ndiyo sababu jeraha la mvuke huwa kubwa kuliko lile la maji yaliyochemka. Mfaransa Denis Papin, aliyebuni sufuria ya namna hii huko London mwaka 1679, hakukawia kuiwekea vali ya kupunguzia mvuke. Sufuria za siku hizi zina vali hiyo, zina kipini kinachopanda mgandamizo unapokuwapo na kushuka unapokwisha, na zina kufuli linalouzuia mfuniko usifunguke wakati kipini kiko juu. Zikiwa nzima, na zikitumiwa ipasavyo, ni vyombo salama. Hatari huingia pale kinga hizo zinapozibwa, zinapochakaa, au zinaposhindwa nguvu na mtu mwenye haraka.

Kanuni za kuitumia si nyingi, na kila apikaye aweza kuzishika.

Kwanza, sufuria isijazwe kupita theluthi mbili. Na kwa maharage, mbaazi, dengu na mchele, ambavyo hufura na kutoa povu, isipite nusu. Povu likipanda huingia katika tundu la vali na kuliziba. Wala isipikiwe bila maji ya kutosha, kwani mvuke hutokana na maji.

Pili, kabla ya kila pishi mpira wa mfuniko utazamwe. Ukiwa umepasuka, umekuwa mgumu au umelegea, ununuliwe mwingine wa sufuria ile ile. Usifungwe kwa uzi wala kuzibwa kwa gundi. Tundu la vali litazamwe kwenye mwanga, na liwe wazi.

Tatu, vyakula vizito vina adabu yake. Mtori ni chakula kitamu cha Wachaga, lakini ukipikwa mzito ndani ya mgandamizo hushika chini na kurusha mapovu juu. Ndizi na nyama zichemshwe na maji mengi, mfuniko ufunguliwe, kisha ndipo zipondwe. Kwetu Visiwani hali ni hiyo hiyo kwa tui: mbaazi ziive kwanza, na tui litiwe baada ya mfuniko kuondolewa. Pweza hulainika upesi sana humo, bila kuhitaji jambo la ziada. Kukaanga kwa mafuta mengi huku mfuniko umefungwa ni marufuku kabisa.

Nne, mfuniko usiguswe mpaka kipini kimeshuka chenyewe. Kwa maharage na vyakula vya maji mengi, ni bora kuiacha sufuria itulie dakika kumi au kumi na tano. Ikilazimu kuutoa mvuke, vali isukumwe kwa mwiko mrefu, uso na mkono viwe mbali, na pasiwe na mtoto karibu. Umeme ukikatika, mgandamizo haukatiki pamoja nao. Sufuria iliyozimika huweza kuwa na mvuke mkali vile vile. Na umeme urudipo, baadhi ya sufuria haziendelei zilipoishia, bali hungoja kuwashwa upya.

Tano, umeme wenyewe uheshimiwe. Sufuria ya kiasi hutumia wati 1,000 hivi. Ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani yenye waya wa ardhini, wala si katika waya mwembamba wa kuongezea unaobeba pia jokofu na redio. Chungu cha ndani kikaushwe nje yake kabla ya kurudishwa, na maji yasimwagwe kamwe ndani ya gamba lenye nyaya. Sisi tuliopo pwani tuna adui wa ziada, yaani hewa ya chumvi inayokula vyuma vya plagi. Plagi iliyopata kutu au inayopata moto ni ya kubadilishwa.

Na iwapo ajali itatokea, pahali palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga na samli si dawa ya moto. Huficha jeraha na kumpa daktari kazi maradufu.

Kanuni hizo zote, mtu atasema, zimo katika kijitabu kinachokuja ndani ya boksi. Hapo ndipo tunapotaka wakubwa watusikilize. Kila mwisho wa mwaka, vijana wa Kilimanjaro wafanyao kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurejea vihambani kwa Krismasi, nao huwachukulia wazazi zawadi. Sufuria ya presha imo katika zawadi hizo. Januari kijana hurudi kazini, bibi hubaki na sufuria, na kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Kwetu, jamaa wa Muscat na Dubai huleta sufuria hizo wakati wa Idi, na kijitabu huwa cha Kiarabu. Aliyenunua siye apikaye. Apikaye ni bibi, ni binti aliyetoka shule, au ni msichana wa kazi ambaye hakuna aliyemwonyesha kipini kiko wapi. Aidha, hata vijitabu vyenyewe havijui mlima: muda wa kupika uliomo kwa kawaida ni wa nyanda za chini, na kwa desturi ya wapishi wa nyanda za juu huongezwa karibu asilimia 5 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600. Asiyeambiwa hilo hukuta maharage mabichi, akadhani chombo ni kibovu, akaanza kulazimisha vali.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Katika jambo hili hatuwafuati wahenga. Sufuria moja ikimuunguza mama mmoja uso, habari zake zitafika kijiji kizima kabla ya jua kuchwa, na kila nyumba itarudi kwenye mafiga. Na hapo hotuba mia za nishati safi hazitawarudisha tena watu kwenye umeme.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wanaohusika. Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar zihakikishe kuwa sufuria isiyo na kufuli la mfuniko na vali iliyopimwa haipiti bandarini, na kwamba kila iingiayo ina maelezo ya Kiswahili, machache na yenye picha. Wizara ya Nishati na Wakala wa Nishati Vijijini, zigawapo au zipunguzapo bei ya vyombo hivi, zihesabu pamoja na bei hiyo gharama ya mwalimu wa kupita kijiji kwa kijiji akipika mbele ya watu. TANESCO na Shirika la Umeme Zanzibar zikague nyaya za nyumba zinazoombewa vyombo hivyo, kwa kuwa nyumba nyingi ziliwekewa umeme wa taa tu. Vyuo vya VETA vifundishe mafundi kutengeneza sufuria hizi, na wafanyabiashara walazimike kuweka mipira na vali za akiba. Mwenye sufuria asiyepata mpira wa kubadilisha atatumia ule uliochakaa.

Mlima wa Kilimanjaro haukosi mfano wa kufuata. Wakulima wake walijiunga katika chama cha kahawa tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa Muungano wa Ushirika wa KNCU. Katika vyama vyao vya msingi walizoea kukutana na kuelezana mambo ya zao lao. Yaliyofanywa kwa mbuni yaweza kufanywa kwa sufuria, kwa kutumia vikundi vya akina mama, misikiti, makanisa na shule, huko na huku kwetu.

Kwa wananchi tunasema, msikiogope chombo hiki, wala msikidharau. Nyumba yenye sufuria ya presha iweke pia jiko jingine la akiba. Unguja haijasahau miezi mitatu isiyo na umeme, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Na yeyote anayekusudia kumpelekea mzazi wake zawadi ya namna hii, akae naye siku mbili zaidi, wapike pamoja pishi la kwanza na la pili, na asiondoke mpaka amemwona mzazi akikitazama kipini mwenyewe kabla ya kuugusa mfuniko.