Wimbo Ambao Hakuna Kidole Kilichoupiga

Je, wajua kuwa mwaka 1968 wanamuziki wa rock wa Uingereza walikopi wimbo kutoka Nairobi? The Tremeloes, bendi ileile ambayo kampuni ya Decca iliichagua mwaka 1962 ikawaacha The Beatles waende zao, walirekodi "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za Uingereza. Sisi tumezoea kuisimulia safari hiyo kwa upande mmoja tu: kijana wa Kiafrika ameinamia santuri ya ng'ambo, anahangaika kutafuta akodi. Hata huku Griftu, magharibi ya mji wa Wajir, mwenye gitaa akifungua simu hupata masomo chungu nzima ya kupiga nyimbo za The Beatles, noti kwa noti. Za Kabaka atazitafuta sana. Sina ugomvi na The Beatles. Kinachoniudhi ni ile dhana kwamba gitaa lao ni elimu, na la zilipendwa zetu ni la kucharaza tu.

Tuwape kwanza haki yao. Akodi moja inayofungua "A Hard Day's Night" ya mwaka 1964 iliwagombanisha wapiga gitaa kwa miaka 40, kila mmoja akiapa kwamba vidole vilikaa hivi wala si vile. Mwaka 2004 Jason Brown, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, aliichambua sauti hiyo kwa hesabu za Fourier, ambazo hulivunja wimbi la sauti katika masafa yake moja moja. Alikuta masafa ambayo magitaa pekee yasingeyatoa kwa mpangilio ule, akahitimisha kuwa piano ilikuwa imejificha humo ndani.

Mtego mwingine ni kasi. Piano ya "In My Life" ya mwaka 1965 ilirekodiwa kanda ikienda nusu ya kasi. Iliporudishwa kasi ya kawaida, ikapanda oktava nzima. Huko walikusudia. Kwenye santuri zetu jambo hilo hutokea bila mtu kukusudia: mashine ikizidisha kasi kwa asilimia 6 hivi, wimbo wote unapanda nusu toni. Ndiyo maana zilipendwa nyingi, zikishapita kwenye kaseti na kompyuta, haziangukii kwenye funguo yoyote ya gitaa lako. Fundi anayejua kazi yake hutyuni gitaa kufuata santuri kabla hajatafuta noti hata moja. Kisha hukumbuka kwamba wengi wa wapiga gitaa wa zilipendwa walifunga kipande cha penseli kwa kamba kwenye shingo ya gitaa ili kupandisha sauti, kwa hiyo akodi inayosikika siyo umbo lililokuwa mkononi.

Lakini mtego ulio mgumu kuliko yote uko kwenye gitaa kavu la vidole viwili. Mwaka 1952, mjini Jadotville huko Katanga, Kongo, ambako leo ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga". Msikilizaji asiyeambiwa huhesabu magitaa mawili. Lilikuwa moja, na mkono wa kulia ulitumia gumba na kidole cha shahada, basi. Mtindo huo ulivuka mipaka kwa santuri na redio, na Mwenda na mpiga gitaa mwenzake Edouard Masengo wakaja nao Nairobi wenyewe. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na omutibo wake, gitaa la vidole likisindikizwa na chupa ya Fanta yenye mifereji inayogongwa na kukwaruzwa. Hapo ndipo penye elimu yenyewe.

Chukua gitaa ujaribu. Shika akodi ya C. Waya wa 1 ni ule mwembamba kabisa. Mkono wa kulia, gumba na shahada vipokezane bila kupumzika: gumba waya wa 5, shahada waya wa 2, gumba waya wa 4, shahada waya wa 3, gumba waya wa 5, shahada waya wa 1, gumba waya wa 4, shahada waya wa 2. Rudia, ukiongeza kasi kidogo kidogo. Gumba limepiga do-mi-do-mi. Shahada imepiga do-so-mi-do. Sasa acha kufikiria vidole, usikilize tu. Kasi ikishakolea, juu utasikia do-mi-do, na katikati mi-so-mi. Hiyo mi-so-mi haikupigwa na gumba, wala haikupigwa na shahada. Gumba limetoa mi, shahada ikatoa so, gumba likarudi na mi. Wimbo umetungwa na sikio lako.

Sababu ni kwamba sauti zikija kwa haraka, ubongo hauzipangi kwa kufuata nani amezipiga. Unazipanga kwa ujirani: za juu na za juu, za chini na za chini. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, aliliandikia makala jambo hili mwaka 1962 baada ya kujifunza amadinda nchini Uganda kwa Evaristo Muyinda. Katika amadinda, ile marimba kubwa ya magogo ya Waganda, watu wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi za mwenzake. Kutokana na mapigo yao huibuka kijiwimbo ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipiga. Wenyewe walikijua tangu zamani, hata wakampa kazi mtu wa tatu: yeye hukisikiliza kijiwimbo kile kinachoibuka kwenye sauti mbili za chini kabisa, akakirudia juu kwenye vibao viwili vya mwisho. Waganda walikuwa na ajira rasmi kwa ajili ya tukio hili la sikio kabla maabara za Ulaya na Marekani hazijalipa jina.

Hapa ndipo mbinu za kukopi rock zinapogonga mwamba. Mtu akitaka kunasa solo ya gitaa la umeme ya mwaka 1967, hupunguza kasi ya wimbo kwenye simu hadi nusu, akaokota noti moja moja. Ukiifanyia "Masanga" hivyo, nyimbo ulizokuwa ukizisikia zinayeyuka. Kasi ikishuka, sikio halizikusanyi tena sauti kwa makundi, nawe unabaki na mlolongo wa noti zisizo na maana. Ukirudisha kasi, nyimbo zinarudi, lakini sasa hujui ni kidole gani kilipiga nini. Wengi hapo hukata shauri kwamba yalikuwa magitaa mawili, wakagawana, mmoja solo na mwingine ridhimu. Noti zinaweza kutimia zote, na bado mapigo yakawa mengine kabisa, kwa sababu mvutano wa gumba na shahada wa mtu mmoja ndio uliokuwa injini ya mtindo wote.

Dawa inajulikana: tazama mikono. Mwaka 1965 Kubik alichapisha muziki wa mangwilo, marimba ya kaskazini mwa Msumbiji, aliouandika kutokana na filamu isiyo na sauti, picha baada ya picha, akiangalia kila kijiti kiligonga kibao gani. Filamu bubu ilimpa ukweli ambao sikio lingemficha. Mwingereza John Low, yeye mwenyewe mpiga gitaa, alifunga safari mwaka 1979 hadi Lubumbashi, akaketi mbele ya Mwenda na wazee wenzake na kujifunza vidole kwa vidole. Aliyoyaona akayachapisha mwaka 1982 katika kitabu cha Shaba Diary. Mwenda alifariki mwaka 1990. Kilichookolewa kiliokolewa na watu waliotazama.

Na sisi? Santuri za Kenya za miaka ya 1960 tumeziacha zipigwe vumbi, na wanaohangaika kuzikusanya na kuzifuatilia, kama Ketebul Music ya Nairobi, ni wachache mno kwa nchi yenye muziki mwingi hivi. Huku kaskazini mashariki upungufu ni mkubwa zaidi. Chombo chetu ni kaban, udi wa Wasomali, na nyimbo zake za mapenzi ziitwazo qaraami, zilizokua kutokana na balwo, mtindo wa Msomali Abdi Sinimo wa miaka ya 1940, zilitufikia kwa redio na kaseti. Kaban haina vipande vya chuma shingoni vya kukuonyesha noti iko wapi. Kidole kinateleza kinapotaka, na kaseti haikuambii kimetelezea waya gani. Mwaka 1988 mji wa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, uliposhambuliwa kwa mabomu, kuna watu waliofukia kanda za muziki ardhini ili zisiteketee, na leo maelfu ya kaseti yanatunzwa katika kituo cha utamaduni cha Redsea mjini humo. Wao walifanya hayo chini ya mabomu. Sisi tuna amani, umeme wa jua na simu mfukoni, na kaseti zetu bado zinapikwa na joto juu ya makabati. Huo ni uzembe, hauna jina lingine.

Mapigo haya yakirudishwa yana kazi tele: kufundishia shuleni, kuchezwa harusini, kutumika kwenye filamu na vipindi vya redio, kutetea hakimiliki ya familia za watunzi, kuwapa vijana wa genge na hip hop kitu cha kusampo kilicho chao, na kusaidia tiba ya wazee wanaosahau, utalii na mashindano ya tamasha la muziki.

Yote hayo yanategemea mikono ambayo bado iko hai. Kwa hiyo, msomaji, ukimjua mzee au mama yeyote anayepiga gitaa kavu au kaban, awe Griftu, Garissa, Kakamega au Kigoma, mwombe ruhusa umrekodi wiki hii. Kamera iwe karibu na mkono wa kulia, mwanga utoke mbele yake, apige kwa kasi yake ya kawaida kwanza na polepole baadaye. Mwombe ataje alivyotyuni kila waya, na uandike jina lake na jina la aliyemfundisha. Kisha mlipe, kwa maana amekufundisha kitu ambacho hakuna santuri inayoweza kukifundisha.